Nyimbo zilezile: Moshi ukumbi ulikimbiwa, Njiro akina mama walivua viatu. Dijei huwa anachaguaje?

#1 Kaka wa Sakina
Habari za jioni wakuu. Swali kwa wanaopiga muziki wa sherehe, na wasiopiga ila wanacheza.

Disemba nilikuwa Moshi kwenye harusi ya binamu. Dijei kijana mdogo, kontrola (ile mashine ya kuchanganyia nyimbo) inang'aa, laptopu imejaa stika. Chakula kikaisha, zawadi zikaisha, MC akasema sasa ni muziki, watu wakanyanyuka wenyewe bila kubembelezwa. Akapiga amapiano mbili, watu wapo. Akatupia singeli. Ukumbi ukabaki na watoto na yule mjomba ambaye hakuna harusi asiyokuwepo. Mpaka tunafukuzwa saa sita hakuna aliyerudi kucheza.

Januari nikaenda sendofu Njiro, Arusha, dijei mwingine, na naapa nyimbo zilikuwa zilezile. Singeli ileile! Akina mama wamevua viatu wanaimba.

Sasa nauliza: dijei anakuja na orodha aliyopanga nyumbani au anachagua palepale? Na huko nyumbani anatayarisha nini hasa? Mimi nilidhani kazi yote ni kuwa na flashi iliyojaa.

#2 chalii_R
Moshi watu wanawahi kulala arifu, asubuhi kuna migomba inawasubiri. Swali limejibiwa, uzi ufungwe.

#3 MtuWaKiboriloni
Nyie wa Arusha mnacheza kwa sababu ya baridi, mkisimama mnaganda.

Mleta uzi, umeshajibu mwenyewe uliposema Disemba. Harusi ya Disemba huku ina watu waliotoka Dar, Mwanza, Nairobi, ndugu hawajaonana mwaka mzima. Wanataka kuongea. Bibi yupo meza ya mbele, vijana wapo nje karibu na magari. Sendofu ya Njiro ilikuwa na watu wa rika moja, marafiki wa bibi harusi. Hapo hata ukipiga kengele ya shule wanacheza.

#4 BitiSawa
Nyimbo zilezile, sawa. Zilifuatana vilevile?

Amapiano nyingi zinatembea kati ya biti 110 na 115 kwa dakika. Singeli inaanzia 200 huko na nyingine zinakimbilia 300. Ukikata kutoka moja kwenda nyingine bila kuuandaa mguu wa mtu, anasimama. Akishasimama anakumbuka soda yake ipo mezani, na humpati tena.

Anayeijua kazi anapiga hesabu nyumbani. 112 mara mbili ni 224. Kwa hiyo zipo singeli zinazokaa juu ya amapiano bila kugombana, biti moja ya huku inabeba mbili za kule. Unaiingiza singeli ikiwa haina besi, watu wanaendelea na amapiano yao huku kuna kitu kinawawasha miguuni, halafu unahamisha besi. Huyo wa Njiro nahisi alipita njia hiyo.

Maandalizi yangu mimi: nyimbo mpya nazipitisha kwenye programu ipime kasi, kisha naikagua programu yenyewe, maana inadanganyika. Singeli ya 210 inaweza kuandikwa 105. Usipoirekebisha, ukipanga kwa kasi utaikuta imejichomeka katikati ya bongofleva za mapenzi. Halafu naweka alama za kuanzia. Nyimbo za Kikongo ndizo zinazohitaji kazi: mwanzoni mtu anaimba kwa upole, anabembeleza wee, sebene inakuja baadaye sana. Wakati wa zawadi hakuna wa kumsubiri. Alama yangu ipo pale gitaa la solo linapoanza kukimbia. Amapiano nayo hivyohivyo, utangulizi ni mrefu, mimi naingilia karibu na ile besi inayogonga kama gogo.

Folda zangu hazina majina ya aina za muziki. Zinaitwa "wanakula", "zawadi", "wazee kwanza", "viatu vimetoka" na "mwenye ukumbi anazima taa".

#5 chalii_R
Hiyo ya mwenye ukumbi anazima taa ina nyimbo gani? Tuwekee hapa tujiandae.

#6 MzeeSanturi
Salamu vijana. Nimepiga disko Arusha na Moshi enzi za santuri na kaseti, kwa hiyo naomba niseme.

Kupanga hakukuletwa na kompyuta. Ikifika jioni nakaa na kalamu ya Bic, nazungusha kila kaseti mpaka ifike mwanzo wa wimbo ninaoutaka, naipanga kwenye kasha kwa mfuatano. Mtu akilitikisa hilo kasha usiku wako umeharibika. Tulikuwa tunajua nyimbo kwa ndani, wapi ngoma inabaki peke yake, wapi mwimbaji anavuta pumzi. Kulinganisha biti tulifanya kwa sikio kama alivyoanzisha dijei Kool Herc kule Bronx, New York, hatukuwa na kitufe cha kutufanyia.

Sasa kijana wenu wa Moshi, mleta uzi umesema laptopu imejaa stika. Je, macho yake yalikuwa wapi? Kwenye kioo, nina hakika. Watu wanapoanza kuondoka huwa hawaondoki wote kwa pamoja. Wa kwanza ni wale wa pembeni. Dijei akiwaona wale wawili watatu wa pembeni wanageuza mabega, bado ana nafasi ya kubadilisha. Huyu alishtuka ukumbi umeshakuwa mweupe.

#7 Msomaji Kimya
Shikamoo mzee. Kidogo tu kuhusu Herc. Ile sherehe yake ya Bronx ni ya tarehe 11 Agosti 1973, na alichokuwa akifanya ni kuchukua santuri mbili za wimbo mmoja na kukirudia kipande cha ngoma tupu ili wachezaji wasipoe. Kulinganisha biti za nyimbo mbili tofauti anatajwa zaidi dijei Francis Grasso, New York, mwishoni mwa miaka ya 1960. Enzi hizo za Grasso, Technics SL-1200, ile mashine ya santuri ya madijei, ilikuwa haijatoka, ilitoka 1972, na kile kitelezi cha kasi kilikuja na toleo la MK2 mwaka 1979.

#8 MzeeSanturi
Marahaba. Herc au Grasso, wote hawajawahi kupiga Moshi siku umeme umekatika.

#9 MamaKamati
Mnamsulubu dijei peke yake. Mimi nimekaa kamati za harusi mpaka nyumbani wananitania, niwaambie kinachotokea.

Ratiba inasema maharusi waingie saa kumi na mbili na nusu. Wanaingia saa mbili, walikuwa wanapiga picha. Kila kitu kinasogea. Muziki uliopangiwa saa nzima na zaidi unabaki na dakika arobaini, na mwenye ukumbi ameshaanza kupitapita na funguo mkononi. Dijei anaiona saa, anaanza kutupa vyote alivyonavyo kwa pupa. Hapo singeli inakuja mapema, kwa sababu anaogopa ataondoka hajaipiga.

Halafu kuna orodha yetu. Kamati inampa wimbo wa kuingia, wa keki, wa shampeni, wa ndafu, wa wazazi wa pande zote mbili. Na inampa marufuku: baba wa bwana harusi ni mzee wa kanisa, matusi hapana. Sasa wengi wanachuja matusi ya Kiswahili tu. Tulipigiwa wimbo wa Kizulu, mtamu kweli, tunacheza. Kumbe meza ya mchungaji amekaa binti aliyesoma Afrika Kusini, akaanza kucheka, mchungaji akamuuliza wanasema nini. Akamtafsiria! Dijei wa maana anajua wimbo unasema nini kabla hajauleta mbele za watu.

#10 FundiSpika
Mimi nafunga vyombo Kaloleni na nakodisha mpaka Usa River, Boma, Moshi. Kwangu kesi hii ni ya sauti, na nawashangaa mmefika huku hamjaigusa.

Nyimbo zilezile mnasema. Faili zilezile? Wimbo wa dakika nne kwa kilobiti 320 kila sekunde ni kama megabaiti 9.6. Huohuo kwa kilobiti 128 ni megabaiti 3.8. Nyingi wanazochukua vijana ni hizi ndogo, zimechujwa ule mng'ao wa juu. Kwenye spika ya simu huoni tofauti. Ukiipandisha kwenye ukumbi wa vigae na bati, juu inakwaruza na besi inakuwa matope. Wajanja wanaigeuza kutoka 128 kwenda 320. Faili linanenepa, lakini kilichotupwa hakirudi.

La pili ni taa nyekundu kwenye mikisa. Dijei anaona watu wanapungua, anaongeza sauti. Ikishafika nyekundu huongezi sauti, unaongeza kukwaruza. Singeli ina vitu vingi vya juu vinavyokimbia haraka, ukiipiga nyekundu kwenye ukumbi wa mwangwi inakuwa kelele tupu, masikio yanachoka, mtu anatoka nje anadhani amechoka miguu. Nimewahi kuzisikiliza nyimbo za dijei nyumbani kwake moja baada ya nyingine tukasawazisha nguvu zake, maana nyimbo za zamani zimerekodiwa chini na mpya zinapiga kelele. Siku ya shughuli hakugusa geini, kile kitufe cha nguvu ya wimbo, zaidi ya kidogo. Nani anafanya hivyo siku hizi?

#11 MtuWaKiboriloni
Fundi, vijana walikuwa nje wanacheza singeli hiyohiyo kwenye redio ya Noah. Sauti haikuwatoa, meza ya bibi iliwatoa.

#12 mpishi_wa_ndafu
Naomba nisemee kundi lisilotajwa. Sisi tunaobeba ndafu.

Tunasimama mlangoni tumebeba mbuzi mzima, majani mdomoni, kofia kichwani, jasho. Tunasubiri wimbo tuingie tukicheza. Dijei anabonyeza. Kinanda. Kinanda tena. Mtu anaguna. MC anasema "na sasa wapishi wetu waingie!" na wimbo bado unaguna. Mikono inatetemeka huku, mbuzi ana uzito jamani. Mpaka ngoma inaanza tumeshafika meza ya maharusi bila kucheza, na wale wanaotunza pesa hawajatunza. Kipato kimeharibiwa na utangulizi.

Siku hizi namfuata dijei mapema, namwambia kaka, ukiniona nimenyanyua kisu juu, nataka ngoma hapohapo. BitiSawa nimekuelewa na hizo alama zako.

#13 chalii_R
Kwa hiyo hamchezi kwa furaha, mnacheza kwa maslahi 😂

#14 mpishi_wa_ndafu
Wewe unafanya kazi bure?

#15 Kaka wa Sakina
Nashukuru wakuu, uzi umenoga. BitiSawa kuhusu mfuatano: Moshi ilikuwa amapiano mbili, singeli, halafu akarudi bongofleva, akajaribu zuku, akarudi singeli tena. Njiro alianza na kwaito, ile ya kujipanga mistari, kama nyimbo tatu hivi. Halafu Kikongo. Amapiano. Singeli ikaja mwisho kabisa. MzeeSanturi, ni kweli uso ulikuwa kwenye kioo, lakini wa Njiro naye alikuwa na laptopu.

#16 DadaWaRau
Mleta uzi umeficha jibu mpaka #15! Kwaito ndiyo habari yenyewe.

Mwanamke aliyevaa gauni la kitenge la kubana na viatu virefu haanzi na amapiano. Kwaito unaingia kwenye mstari, hakuna anayekutazama wewe peke yako, mama mkwe yupo mstari wa mbele, hata asiyejua anamwangalia jirani. Baada ya hapo mmeshazoeana, mnabaki. Wanawake wakishabaki wanaume wanakuja wenyewe na chupa zao. Wa Moshi aliwafungulia vijana mlango, sisi akatusahau. Singeli hatuichukii hata kidogo, tunataka kuletwa nayo.

#17 MzeeSanturi
Huyu dada apewe kontrola.

#18 MpigaKinanda
Nami nachangia, napiga kinanda kwaya ya usharika KKKT. Hakuna aliyegusa funguo za muziki, ile sauti ya msingi ambayo wimbo umejengwa juu yake. Nyimbo mbili zikikutana biti sawa lakini moja ipo A ndogo na nyingine ipo funguo za mbali, zile sekunde zinapopishana zinaumiza. Msikilizaji hajui kinachomuumiza ila anakereka. Madijei wana duara lao la namba 1 hadi 12, herufi A kwa ndogo na B kwa kubwa. 8A ni A ndogo, 8B ni C kubwa, zinapatana. Ukitoka 8A unaenda 7A au 9A au 8B, unakuwa salama. Na ukiongeza kasi bila kuwasha kile kitufe kinachozuia funguo zisibadilike, kila asilimia 6 hivi unapanda nusu toni. Mtu anaivuta 105 ifike 112, ameshapanda zaidi ya nusu toni na duara lake limeharibika, yeye bado anasoma namba za nyumbani.

#19 FundiSpika
Ndugu mwalimu wa kwaya, hakuna mtu Moshi aliyerudi mezani kwa sababu ya 9A.

#20 MpigaKinanda
Na hakuna aliyerudi kwa sababu ya kilobiti. Tuvumiliane.

#21 BitiSawa
Funguo nazitumia pale ninapopishanisha sauti za waimbaji kwa muda mrefu, baa au usiku wa vijana. Harusini nakata haraka, ngoma kwa ngoma, funguo hazipati nafasi ya kugombana.

Nimjibu mzee kuhusu kitufe. Kitufe cha kulinganisha kinafanya kazi kwenye nyimbo zilizotengenezwa kwa kompyuta, biti haisogei. Dansi za zamani na rumba zimepigwa na watu studio, mpiga ngoma akipata mzuka anakimbia kidogo, akichoka anarudi. Programu inachora mistari iliyonyooka juu ya ngoma isiyonyooka, ukibonyeza kitufe zinapishana kama vyombo vinaanguka. Zilipendwa nazipiga kwa sikio, au nakamata biti nne za wimbo unaotoka nazizungusha, halafu naingiza mpya juu yake. Kwa hiyo mzee, tupo wote.

DadaWaRau, folda ya kwaito nilikuwa nayo ndani ya "wazee kwanza". Naitoa.

#22 MamaKamati
Na saa je? Njiro walianza saa ngapi muziki, mleta uzi? Mbona hilo hujajibu.

#23 Kaka wa Sakina
Mama, Njiro muziki ulianza kama saa tatu na nusu. Moshi ilikuwa imeshapita saa tano.

#24 MamaKamati
Basi.

#25 MtuWaKiboriloni
Basi kitu gani mama? Nimeona harusi imeanza muziki saa tano na nusu hapa Pasua na watu wakagoma kuondoka, ila walikuwa vijana watupu. Narudi kwenye umri.

#26 chalii_R
Mmesahau na Chuga tuna masikio yetu. Hapa kwetu hiphopu ni ya nyumbani, X Plastaz wametoka hapa, Nako 2 Nako, Weusi. Sherehe ya Kijenge au Ngarenaro dijei asipoweka kipande cha hiphopu ya Arusha machalii wanasimama na mikono mifukoni usiku mzima. Dijei wa kutoka Dar anakuja na seti imekamilika, anashangaa. Seti haisafiri, lazima uijenge upya ukishafika.

#27 MzeeSanturi
Leo umesema neno. Ila hata kwetu singeli zamani hatukuwa nayo, ilikuwa ya Manzese na Tandale huko Dar, na sasa mama wa Njiro anaivulia viatu. Mwacheni dijei ajaribu.

#28 TajiriMtarajiwa
Samahani natoka nje ya mada kidogo. Nataka kuanza, nina laptopu tu. Ninunue kontrola ndogo au nijifunze kwenye zile CDJ, mashine za ukumbini zinazosoma flashi? Na flashi nijaze tu nyimbo au kuna utaratibu?

#29 BitiSawa
Anza na kontrola ndogo ya mitumba, ile inayokula umeme wa laptopu kwa USB. Ila kumbuka umeme ukikatika kontrola itaendelea kuwaka, spika ndizo zitanyamaza, kwa hiyo usijisifu. Zima taarifa zote za laptopu na masasisho yake. Nimemwona mtu laptopu inajizima ijiwashe upya wakati maharusi wanakata keki.

Flashi ya CDJ iandae kwa mfumo wa FAT32. Ukiiacha NTFS kama ilivyotoka kwenye Windows, mashine itakutazama tu. Na usiburute nyimbo tupu, zipitishe kwenye programu ya rekordbox uzihamishe kutoka humo, la sivyo alama zako zote zinabaki nyumbani. Beba flashi mbili zenye vitu vilevile, moja ikae mfukoni.

#30 FundiSpika
Na uje mapema tujaribu sauti ukumbi ukiwa mtupu, kisha ukumbuke watu wakijaa mwangwi unapungua na sauti za juu zinamezwa. Wengi wanafika wageni wameshakaa, wananikuta mimi ndiye dijei.

#31 DadaWaRau
Mleta uzi, yule mjomba aliyebaki na watoto alikuwa anacheza nini? Maana kama aliweza singeli saa tano usiku basi umri wa MtuWaKiboriloni umekufa.

#32 Kaka wa Sakina
Alikuwa anacheza ringi, ile ngoma ya Kichaga. Singeli ilikuwa inamfuata yeye.

#33 MtuWaKiboriloni
😂😂 Huyo namjua wa aina hiyo. Mmoja hatoshi kuvunja hoja.

#34 MamaKamati
BitiSawa, tuna harusi Disemba, upo? Kamati inataka kwaito mbele, ndafu isisubiri kinanda, na nyimbo za Kizulu uwe umeuliza maana.

#35 BitiSawa
Mama, nitumie tarehe kwenye ujumbe wa ndani. Na uniambie ukumbi una jenereta, na ratiba halisi, siyo ile ya kwenye kadi.